Tairi Aliyoisema Baba

Nechells, Birmingham
Jumapili, 5 Oktoba 2008

Baba mpendwa,

Yambo sana, nakusalimu kwa jina la Bwana. Mgongo unaendeleaje? Na sikio la kushoto, bado linanguruma kama injini? Msalimie dada Henriette, asikuache ubebe maji. Sisi tuko wazima, tumechoka tu. Jeannine anafanya usafi usiku, mimi naamka kabla ya jogoo, ila huku jogoo hakuna. Tunakutana mlangoni, yeye anaingia, mimi natoka. Ananiambia, "Nimekuachia chai." Namwambia, "Nimekupashia kitanda." Ndoa yetu ndiyo hiyo kwa sasa.

Lakini Baba, nimepewa kamio! Si kile kigari cha vifurushi, kamio kabisa, lori la tani kumi na nane, na usukani mkubwa kama sinia la ugali wa harusi! Bosi ni mzee mmoja Kalasinga, Kulwant Singh, mzaliwa wa Kisumu, ana yadi ndogo hapa Nechells. Siku ya kwanza nilimsikia akitukana gia kwa Kiswahili, nikafikiri usingizi umenishika nimesimama. Napeleka vitunguu, mchele na mafuta ya kupikia kwenye hoteli za kari, mpaka mji unaoitwa Buxton. Kufika huko kuna mlima, Baba. Si Ngomo ule uliokuwa unaupanda wewe, lakini una kona, na upepo wake unakuambia rudi.

Sasa shida ni hii, ndiyo maana nakuandikia nikiwa nasinzia. Tairi za hiyo kamio ni za kuvalishwa, kuukuu zilizobandikwa mpira mwingine juu, ngumu kama kwato. Kituo cha mafuta nilikutana na dereva wa Poland, akaigusa tairi yangu ya nyuma, halafu akafanya ishara ya msalaba. Mimi nikaenda maktaba, nikasoma kwenye kompyuta mpaka wakanifukuza ili wafunge. Nimegundua kitu! Mpira wa kawaida ukipata baridi unakufa. Unakuwa kama ubao. Kuna tairi za theluji, mpira wake hata baridi ikija unabaki laini, na juu ya meno yake wameuchanja chanja mikato midogo midogo, kama makunyanzi ya mkono wa bibi. Ile mikato ndiyo inaishika barafu.

Nikamkimbilia Mzee Kulwant kumweleza. Akasema, "Kijana, theluji hapa inakuja siku mbili, inaenda. Na hiyo intaneti yako anaiandika nani? Muuza tairi!" Nikamkumbusha dereva aliyekuwa na njia hii kabla yangu. Februari iliyopita alirudi kinyumenyume mlima mzima mpaka ukutani, na goti lake halikunjiki hadi leo. Akasema, "Yule hakujua kuendesha." Halafu akaniangalia. "Baba yako kule Kongo aliendesha wapi?" Nikamwambia Bukavu mpaka Uvira kupitia mlima wa Ngomo, maisha yake yote. "Masika pia?" Masika pia. "Alikwama?" Nikasema baba yangu hajawahi kulala njiani kwa sababu ya matope.

Baba, uso wake ulibadilika! Baba yake alikuwa na malori ya pamba, Kisumu mpaka Kampala, na kati ya madereva wote mmoja tu hakukwama wakati wa mvua: Mkongo. Akasema, "Basi muulize mzee wako. Yeye hauzi kitu. Kuteleza ni kuteleza. Tairi atakayosema yeye, naenda kununua hiyo, naapa. Lakini aandike. Simu inapita, barua inakaa."

Kwa hiyo andika, Baba. Mimi nimeshakueleza ya mpira laini na ile mikato. Wewe ndiye unajua. Lakini baridi imeanza kuuma, usichelewe.

Mtoto wako,
Israël

*

Uvira
26 Oktoba 2008

Mwanangu Israël,

Barua yako nimeipata mkononi mwa Djo, yule anayetupokelea posta ya Bujumbura. Amani iwe kwako na kwa mke wako. Mimi niko. Mgongo uko, sikio liko, magoti yako, vyote viko mahali pake na vyote vinauma. Henriette anakusalimu. Maji anabeba yeye, mimi nabeba kelele zake.

Nimefurahi kwa kamio. Nimefurahi zaidi kwamba huko ugenini kuna mtu mzima anayejua kwamba neno la dereva wa Ngomo lina uzito. Hapa vijana wa pikipiki wananipigia honi nipishe njia.

Hiyo habari ya mpira laini nimeisoma mara mbili. Mwanangu, mpira laini ni wa kandambili. Theluji sijaiona, lakini utelezi nimeuishi. Msomee bosi wako hivi kama nilivyoandika.

Tairi za nyuma ziwe za meno makubwa, meno kama jembe, yenye nafasi ya ngumi kati ya jino na jino. Jino linatafuna matope, nafasi inayatema. Tairi isiyo na meno mbele ya mlima ni kama mimi mbele ya nyama ya mbuzi. Mpira uwe mgumu, maana ulio laini utakatika. Punguza upepo kidogo, tairi ikae chini kama mama sokoni. Mzigo mzito ukae juu ya ekseli ya nyuma. Kabari ya mti, ya kuzuia gurudumu, iwe karibu na mlango.

Na za mbele, sikiliza sana. Watu wote wanafikiria nyuma, kwa sababu nyuma ndiyo inasukuma. Usikubali kamwe tairi ya mbele iliyochakaa au ya kuvalishwa, hata ukiambiwa ni ya wiki moja tu. Mbele ziwe mpya, na za aina moja na za nyuma. Nyuma ikikosea utachekwa. Mbele ikikosea utazikwa.

Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe ili aone si maneno ya mtoto.

Baba yako,
Ignace

*

Nechells, Birmingham
23 Novemba 2008

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta umekaa vizuri, kwa sababu ninayokuandikia si mazuri. Sisi tuko wazima. Jeannine ana kikohozi cha baridi lakini anaenda kazini hivyo hivyo.

Barua yako ilifika Jumanne. Niliisoma peke yangu ndani ya kamio, nikaisoma tena, halafu nikakaa nimeshika usukani na injini imezimwa. Baba, kwa matope kila neno lako ni dhahabu. Lakini barafu haitafuniki! Ni kioo. Meno makubwa ya mpira mgumu juu ya kioo ni kama mbuzi juu ya sakafu iliyomwagiwa sabuni. Yule Mpolandi nilimkuta tena, nikamchorea meno ya jembe kwenye vumbi la mlango wake. Safari hii hakufanya hata msalaba. Alicheka tu.

Mzee Kulwant aliniita ofisini. Alikuwa amepika chai yake ya tangawizi, akavua miwani, akaegemea kiti. Kiswahili anakisema vizuri lakini kusoma mwandiko kunamshinda. Akasema, "Soma. Polepole."

Nikasoma salamu. Akasema, "Anasalimu vizuri, huyu mtu." Nikasoma ya pikipiki na honi, akacheka mpaka akapiga meza. "Na mimi pia! Kule ninakokaa, Sparkbrook, vijana wananipigia honi mimi!" Nikasoma. Nikafika kwenye tairi za nyuma.

Baba, sikupanga. Naapa sikupanga. Niliangalia neno "jembe" na mdomo wangu ukasema "mikato midogo." Niliangalia "mgumu" nikasema "laini." Nikasema baba yangu anasema mpira uwe laini hata kwenye baridi kali, uwe na makunyanzi kama mkono wa bibi, na upepo usipunguzwe. Na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo, hilo ndilo linanitisha. Maneno ya tairi za mbele niliyasoma kama ulivyoandika, neno kwa neno. Nyuma ikikosea utachekwa, mbele ikikosea utazikwa. Mzee Kulwant aliyarudia mwenyewe, taratibu, kama mtu anaonja mchuzi.

Halafu akasema, "Laini. Mimi nilikuwa na hakika atasema meno makubwa. Mtu hajaona theluji, na anajua! Huyo ndiye dereva." Akapiga simu hapo hapo. Tairi zimefika, sita, mpya, mbele na nyuma. Nimeziwekea kidole, zinabonyea kama ndizi iliyoiva.

Ningeweza kunyamaza, nawe usingejua. Lakini kila asubuhi ananiuliza, "Mzee wa Ngomo hajambo?" na amewasimulia yadi nzima, mpaka wauza vitunguu wa soko la jumla wanakujua wewe na mpira wako laini. Siwezi kuendesha kamio na jambo hili kifuani.

Nimekutia mdomoni maneno usiyosema. Nimefanya hivyo kwa sababu nilitaka kurudi nyumbani na magoti yanayokunjika. Nisamehe, au nitukane, lakini uniandikie.

Mtoto wako,
Israël

*

Nechells, Birmingham
21 Desemba 2008

Baba,

Yambo. Ni wiki ya Noeli na barua yako haijaja. Nilimpigia Djo Bujumbura, anasema yangu ulishaipokea mwanzoni mwa mwezi, mkononi, na ulisoma umesimama. Nilimpigia Henriette, akasema "Baba yupo, hajambo," halafu laini ikakatika, au aliikata, sijui. Kwenye simu ile sauti yake haikuwa nzuri.

Huku ni baridi kavu. Theluji hakuna. Kila siku naangalia mbingu kama mkulima. Mzee Kulwant ameanza kunung'unika. Tairi laini zinaliwa haraka na lami kavu, na yeye anaziona zinavyoliwa. Jana alipita akazikagua akasema, "Kijana, theluji isipokuja, mzee wako atakuwa amenitania." Nikataka kumwambia ukweli pale pale. Nikafungua mdomo, baridi ikaingia, nikaufunga.

Jeannine ananiambia, "Wewe na baba yako mnaongea tairi kama wengine wanavyoongea Biblia. Mpigie simu ulie, yaishe." Lakini wewe kwenye simu unasikia nusu, na mimi kulia kwa kupiga kelele siwezi.

Nimechoka, Baba. Si mwili tu. Naingia kwenye kamio kukiwa giza, natoka kukiwa giza, na katikati nabishana na wewe kichwani. Wewe unashinda kila siku, kwa sababu hujibu.

Noeli njema. Mle nyama.

Israël

*

Uvira
18 Januari 2009

Kaka Israël,

Ni mimi Henriette ninayeandika, lakini maneno ni ya Baba. Amekaa hapa kwenye kiti, mkono wa kulia umefungwa, anasema niandike bila kuongeza wala kupunguza, "maana katika familia hii kuna watu wanapunguza." Haya, anaanza.

Mwanangu,

Amani kwako na kwa Jeannine. Kikohozi chake kimepona?

Barua yako niliisoma nimesimama mbele ya Djo, na nilipofika kwenye "jembe" nikakaa chini. Nilikasirika. Siku nyingi nilikasirika. Nilisema, mtoto huyu amenivua nguo mbele ya mtu ambaye hata hajaniona. Nilichukua kalamu kukuandikia maneno ambayo leo nashukuru sikuyaandika. Nikasema kwanza nikuonyeshe kwamba wewe ndiye umekosea.

Unamkumbuka Jeanne, yule mwenye chumba cha barafu cha samaki pale karibu na bandari? Nilienda kwake. Nikamwomba anitandikie vipande vya barafu chini, kimoja kando ya kingine, niupate mlima wangu mdogo. Akaniuliza, "Mzee, umekunywa?" Nikamwambia, najaribu tairi za Uingereza. Nilikuwa nimevaa zile sandali zangu, zilizokatwa kwenye tairi ya nyuma ya kamio yangu ya mwisho, zenye meno yale yale niliyokuandikia. Meno ya Ngomo. Hazijawahi kuniangusha masika hata moja. Wauza samaki wote wakaja kuangalia.

Nilipiga hatua moja, mwanangu. Ya pili sikuipiga mimi, iliipiga barafu.

Nimeanguka kwenye barafu, mimi, Uvira, jua likiwa utosini. Mkono ulipasuka mfupa hapa chini kidogo ya kiwiko. Henriette alikukatia simu kwa sababu nilimkataza kusema, nilikuwa na aibu. Wauza samaki sasa wananiita Mzee Uingereza.

Lakini nilipokuwa nimelala pale chini nilimwona binti mmoja wa Jeanne anapita juu ya barafu ile ile, na ndoo kichwani. Amevaa kandambili. Laini, za zamani, zimepasuka pasuka chini kote. Alipita kama yuko kanisani.

(Kaka, hapa aliniomba nimvue sandali. Nilimvua. H.)

Sasa sikiliza. Ulifanya vizuri kwa tairi na ulifanya vibaya kwa barua. Yote mawili yako sawa sawa, moja haliondoi lingine. Yule mzee alitaka neno la mtu asiyeuza kitu, na wewe ulimuuzia. Mimi sitakubali kusifiwa huko kwenye yadi kwa akili ambayo si yangu. Hiyo ni nguo ya kuazima, na mimi ni mzee, nguo za kuazima zinaniwasha.

Kwa hiyo ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine, ya Bwana Kulwant. Ina ukweli wote. Utamsomea mbele yake, kwenye kiti kile kile, na safari hii mdomo wako ufuate macho yako. Akikufukuza, utakuwa umefukuzwa ukiwa mkweli, tutatafuta kazi nyingine. Akikubakisha, nashukuru Mungu.

Barabara ya Bujumbura imekuwa na taabu siku hizi, sijui hii itafika lini.

Baba yako,
Ignace

*

Nechells, Birmingham
8 Februari 2009

Baba,

Bado hujaniandikia. Sawa. Mimi nakuandikia, kwa sababu theluji imekuja.

Ilianza kuanguka Jumatatu, na wiki nzima haikuacha. Nchi hii ilisimama! Mabasi yakalala, shule zikafungwa, watu wazima wanatengeneza sanamu za watu wa theluji barabarani Nechells. Alhamisi Mzee Kulwant alisema hakuna kwenda Buxton. Halafu Ijumaa njia ikafunguliwa, na hoteli mbili kule juu zilikuwa hazina hata mchele. Akaniuliza, "Unaweza?" Nikasema naweza. Akasema, "Mzee wa Ngomo amekuvisha, nenda."

Kupanda nilipanda, Baba! Zile tairi zilikuwa zinalia chini yangu, sauti ndogo kama mtu anatafuna karanga. Nilipita kamio za kampuni kubwa zimelala pembeni, madereva wamekaa ndani na blanketi. Mmoja alinipungia mkono kama ninaenda vitani. Nilipiga kelele peke yangu ndani! Niliimba!

Kurudi ndiko sikuimba. Jua lilikuwa limeyeyusha juu, halafu baridi ikarudi, barabara ikawa kioo cheusi. Nilishuka kwa gia ndogo, breki sikuigusa, kama ulivyokuwa unashuka Ngomo na mimi nimekaa katikati yako na mlango. Kwenye kona ya ukuta wa mawe nikakuta gari dogo limesimama mlalo, katikati ya njia, na mwanamke amesimama kando yake anaangalia kamio inavyomjia. Kabari ilikuwa mlangoni, lakini nani wa kuiweka?

Nyuma ilianza kwenda. Niliisikia kwenye kiuno. Mpira laini wangu wote, maktaba yangu yote, ikaanza kwenda! Nikageuza usukani kidogo, kidogo tu, sikupumua, na mbele ikashika. Mbele ikaenda nilikoiambia iende. Nikampita na nafasi ya kiganja, nyuma ikanyooka yenyewe, nikasimama chini kabisa, kwenye tambarare. Nikateremka nikashika tairi ya mbele kwa mikono miwili. Mwanamke alikuja mbio, akaniuliza niko sawa. Nilimjibu kwa Kiswahili.

Mzee Kulwant angeweka mpya nyuma tu, aliniambia hivyo mwenyewe zilipofika. Zile mbili za mbele alizinunua kwa neno lako. Hilo ndilo neno ambalo sikulibadilisha.

Nilipofika yadi alikuwa amesimama nje, kilemba kimejaa theluji. Aliangalia kamio yote kuizunguka. Halafu akasema, "Mwandikie mzee wako. Mwambie Kulwant wa Kisumu anasema asante." Nikasema nitakuandikia. Basi nimekuandikia. Asante hiyo nusu yake inanichoma, lakini nusu ni yako kabisa.

Kama umenitoa moyoni, niambie tu. Kusubiri kunachosha kuliko mlima.

Mtoto wako,
Israël

*

Nechells, Birmingham
1 Machi 2009

Baba mpendwa, Mzee Uingereza,

Mkono unaendeleaje? Niambie kwanza mkono. Umeunga? Unashika kikombe? Jeannine amepona, anasema pole, na anasema amecheka mpaka kikohozi kikarudi. Mimi sikucheka. Baadaye nilicheka. Halafu nilikaa kwenye ngazi na barua yako mapajani mpaka taa ya ngazi ikajizima.

Barua yako ya Januari imefika Alhamisi tu! Wakati mimi nalalamika mlimani, wewe ulikuwa umeshaandika. Wiki zote hizo nilidhani umenyamaza, kumbe umevunjika.

Ijumaa nilikwenda ofisini. Nikamwambia Mzee Kulwant, kuna barua yako kutoka kwa baba yangu. Akafurahi, akapika chai, akavua miwani. Kiti kile kile. Nikafungua karatasi, na nakuandikia hapa ujue nilisoma kama ilivyo:

"Bwana Kulwant, salamu kwako na kwa nyumba yako. Mimi ni Ignace, baba wa dereva wako. Uliniuliza tairi ya theluji nami nikakujibu meno makubwa na mpira mgumu. Ndivyo nilivyoandika. Kijana wangu akakusomea mengine, ya kwake, kwa sababu aliogopa kufa na aliogopa kunipinga. Kosa la kusoma ni lake. Kosa la tairi ni langu. Nimelijaribu juu ya barafu na limenivunja mkono. Sifa ulizonipa naomba uzitoe kwangu. Mimi ni mtu wa matope. Mambo ya barafu muulize yeye, hata kama hana mvi. Ignace, dereva."

Aliweka kikombe mezani. Akasema, "Soma tena." Nikasoma tena.

"Kwa hiyo ulinidanganya. Kwenye kiti changu, na chai yangu mkononi."

"Ndiyo, Mzee."

"Na sasa baba yako mwenyewe anakushtaki."

"Ndiyo, Mzee."

"Na wewe unanisomea mashtaka yako kwa mdomo wako."

Nikasema alinikataza kupunguza. Akanyoosha mkono, akasema, "Funguo." Nikaziweka mezani. Akasema, "Nenda nyumbani." Nilitembea kwa miguu kutoka yadi mpaka kwetu, mvua inanyesha, hata kofia sikuvaa. Jeannine alikuwa anajiandaa kwenda kazini. Aliniona uso, akavua koti, akakaa. Alichelewa kazini kwa ajili yangu, na hakusema lolote kuhusu Biblia.

Jana asubuhi nilirudi kurudisha koti la kazi. Mzee Kulwant alikuwa chini ya lori la pili, lile kuukuu, miguu tu inaonekana. Nikasema, Mzee, nimeleta koti. Akasema kutoka huko chini, "Baba yako amevunja mkono kwa kujaribu tairi yangu. Mimi hapa na pesa zangu sikuenda hata kugusa barafu dirishani. Vaa koti, baridi." Nikavaa. Halafu ule mkono wake mweusi kwa grisi ukatoka na funguo.

"Ukinisomea uongo tena, nitakuvisha wewe tairi. Sasa, hili lori linataka mpya zote. Sitaki barua. Usimuulize mtu. Uniambie wewe."

Nikasema ndiyo, Mzee. Nikauliza lori hili litakwenda wapi. Akasema huko Evesham, kuchukua viazi na vitunguu shambani, ndani kabisa, kuanzia mwezi huu, ardhi ikiwa bado imelowa. Nikauliza, barabara je? Akasema, "Barabara gani? Ni matope matupu, mpaka magotini."

Baba, nimesimama pale nikacheka peke yangu kama chizi!

Amesema nisimuulize mtu. Nakuuliza wewe. Nafasi kati ya jino na jino, ulisema ya ngumi. Ngumi yako, au yangu? Na upepo, nipunguze mpaka tairi ikae vipi? Chukua muda wako, mwache Henriette aandike, asiongeze wala asipunguze. Nitamsomea Mzee Kulwant kama ilivyo.

Mtoto wako,
Israël